Aliyeacha Mlango Wazi

Saugues, Alhamisi, 8 Mei 1986

Mdogo wangu Baptiste,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Paulette, na ng'ombe wote kwa majina yao. Mimi ni mzima. Leo nimemaliza siku ya tatu ya hija yangu ya miguu na nina malengelenge mawili, moja kila kisigino, ili miguu isioneane wivu. Jana niliteremka hadi mto Allier, nikapanda ng'ambo ya pili kwa mikono na magoti, mimi mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na minane. Kijana mmoja Mbelgiji alinipita akasema, "Jikaze mama, juu kuna kahawa." Nilipofika juu, kahawa haikuwepo, na Mbelgiji hakuwepo.

Mwambie Paulette soksi alizonifumia zinashinda za dukani. Na umshukuru tena kwa kunipeleka Le Puy kwa gari. Aliniambia huwezi kuja kuniaga, uko bandani na ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa. Kabla hatujaondoka nilichungulia bandani nimuage basi huyo ng'ombe. Alikuwa amelala anacheua. Wewe hukuwepo.

Sitaki tugombane. Najua hii safari huipendi tangu nilipoitaja Krismasi. Lakini unajua kwa nini natembea. Baba alifungua na kufunga mlango wa kanisa letu miaka thelathini na mmoja, na Chazelvert nzima inamkumbuka kwa siku moja tu ambayo hakuufunga. Tangu sanamu yetu ya Bikira, Mama wa Theluji, ilipoibwa hadi baba anaingia kaburini, hakuna aliyemwitikia salamu barabarani. Kwa sanamu ya mti wa mjozi! Ya kale sawa, ya miujiza sawa, lakini mti. Nataka nimwombee baba Conques, na kila kanisa lililo njiani, na nikiwa na nguvu nitaendelea hadi Moissac. Nina mambo yangu na baba ambayo sijayamaliza.

Niandikie posta ya Espalion. Wataniwekea barua dirishani.

Dada yako,
Honorine


Chazelvert, 14 Mei 1986

Dada yangu, shikamoo.

Hapa wote wazima. Paulette anasema ukirudi atakufumia nyingine. Theluji ilianguka tarehe kumi juu ya maua ya mitufaa, kwa hiyo mwaka huu tufaha tusahau. Yule ng'ombe alizaa kesho yake baada ya wewe kuondoka, ndama jike, kwa hiyo sikusema uongo, nilitangulia tu siku moja. Padre mpya ana parokia saba na gari moja bovu. Anatujia kila Jumapili ya tatu. Bibi Léontine Astruc ametimiza miaka themanini na minne na bado anatoka na mkongojo kuulizia gari la mkate. Namkatia kuni kama kawaida.

Watu wanauliza kama dada yangu amekosa nauli. Nimewaambia kila mtu ana wazimu wake, na wako una afya, una hewa safi.

Ila nisikilize. Ukifika Conques, inatosha. Conques ni mahali patakatifu, baba hahitaji zaidi. Panda gari-moshi urudi. Baada ya Figeac ni mawe matupu, maji hakuna, na watu wa kule hukutazama mikono kabla ya kukutazama uso. Si mahali pa mwanamke wa umri wako. Ya baba yamepita, dada. Wafu wamelala, tuwaache walale.

Mdogo wako,
Baptiste


Conques, Jumapili, 25 Mei 1986

Mdogo wangu Baptiste,

Salamu zako nilizipata Espalion, na nilifurahi kuhusu ndama. Mpe jina zuri. Mimi naendelea vyema. Nyanda za juu za Aubrac zilininyeshea siku mbili mfululizo. Katika nyumba ya wageni mpishi alituvutia viazi vilivyopondwa na jibini, vinavyonyumbuka kama mpira, kwa mwiko mrefu kama jembe, akasema, "Kula mama, mbele hakuna kijiji hadi uchoke." Nikala sahani tatu. Kwenye ukungu waligonga kengele ili waliopotea wafuate sauti, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Leo nimesimama saa nzima mbele ya mlango wa kanisa hapa. Juu yake wamechonga Siku ya Hukumu, mawe yote. Kuna malaika anapima roho kwenye mizani, na upande wa pili yuko shetani anayebonyeza sahani kwa kidole kimoja, taratibu, akidhani haonekani. Nimecheka peke yangu. Kisha nikamwombea baba, nikajiombea na mimi.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara nyingi nikitembea. Baptiste, mama alikufa akikuzaa na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikulisha, nilikuosha, nilikufundisha kusoma. Safari zako zote nazijua: ulikwenda Algeria na jeshi ukarudi, na ulikwenda minadani. Umejuaje mawe ya baada ya Figeac? Na mtu wa kule alikutazama mikono lini?

Nauliza tu. Miguu imepona, naendelea. Niandikie Figeac.

Dada yako,
Honorine


Chazelvert, 3 Juni 1986

Dada yangu, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi. Mvua, matope, trekta imekufa betri.

Kuhusu Figeac: nilipeleka ndama kule mara moja, zamani. Basi. Mwanaume hapeleki ndama mahali ila aombe ruhusa kwa dada yake?

Paulette ana homa kali tangu Jumapili. Hawezi kusimama. Nakuomba urudi umwuguze. Kuna gari-moshi kutoka Figeac kila asubuhi.

Baptiste


Gramazels, Jumatatu, 16 Juni 1986

Mdogo wangu Baptiste,

Nakusalimu. Barua yako imenifikia leo tu. Ilifika Figeac nikiwa nimeshaondoka, wakaituma huku baada ya mimi kuwaandikia. Nilishtuka, nikaomba simu ya mwenye nyumba nikapiga. Paulette alipokea mwenyewe. Nilisikia soseji zinakaanga. Nikamwuliza homa imeshuka? Akaniuliza homa gani. Nikasema nimechanganya na mtu mwingine. Sikukuomba wewe uje kwenye simu, kwa sababu kwenye simu hujawahi kusema zaidi ya "haya", na simu ya nyumba hii iko sebuleni.

Nyumba hii ni ya Bi Delclaux, mjane wa mwanasheria. Gramazels ni kijiji cha mawe kama ulivyosema, kuta za mawe, kondoo, mialoni mifupi. Tarehe nne nilikanyaga jiwe likageuka, na kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi. Mchungaji alinipakia kwenye mkokoteni akanileta hapa kwa sababu ndiyo nyumba pekee yenye chumba cha wageni chini. Bi Delclaux ana miaka sabini na minane, anavaa miwani miwili kwa pamoja, na hapendi watu. "Utakaa hadi upone," aliniambia, "lakini usinisimulie maisha yako." Tumeelewana vizuri.

Jana nilikuwa nimeanza kutembea kwa fimbo. Uani kwake kuna kikanisa kidogo cha familia. Akaniambia, "Wewe ni mtu wa kusali. Nenda ukasali, mimi nitamenya viazi." Nikaingia.

Baptiste, yumo. Mama wa Theluji yumo.

Usiniambie nimekosea. Nilimfuta vumbi kila Jumamosi tangu nina miaka tisa. Nimevua miwani nikamshika. Chini ya mguu wa Mtoto kuna fundo la mti linalofanana na jicho. Kidole cha nne cha mkono wa kulia ni cha mti wa mpeasi, cheupe kuliko vingine, kile baba alichochonga mwenyewe wakati wa vita kwa kisu cha kukatia mkate. Nimekigusa. Nikamfuta vumbi kwa leso yangu.

Sijamwambia Bi Delclaux lolote. Nilitoka nikala viazi vyake. Sasa nakuuliza wewe kwanza, kabla ya askari, kabla ya padre: nifanye nini? Na kabla ya hapo, kuna jambo unataka kuniambia?

Nasubiri hapa.

Honorine


21 Juni

Honorine.

Sanamu za namna hiyo ziko mia, na zote zina mafundo. Ondoka hapo. Usiulize kitu, usimwambie mtu. Kama unanipenda, ondoka.

B.


Gramazels, 30 Juni 1986

Baptiste,

Umeniandikia bila salamu. Tangu nikufundishe kushika kalamu hujawahi. Basi na mimi naingia moja kwa moja.

Nimemwuliza Bi Delclaux. Nilisema, "Mama, ile sanamu mliipataje?" Akaweka kisu chini.

"Nimekuwa nikingoja mtu aulize," alisema, "tangu mwaka sitini na mbili."

"Kwa nini hukuuliza wewe?"

"Mume wangu hakuuliza, na mimi nilikuwa namwogopa mume wangu. Alikuja kijana na lori la ndama, Oktoba, mchana kweupe. Mwembamba, macho ya mtu aliyetoka jeshini. Nilimpa supu, hakuigusa. Mume wangu alipompa pesa hakuzihesabu. Nilimtazama mikono. Alifungua fundo la kamba kwa mkono wa kushoto."

Kisha akaenda kabatini akaniletea blanketi ambalo sanamu ilikuja imefungwa. La kijivu, mstari mwekundu mmoja. Baptiste, lile blanketi nililifuma mimi. Lilikuwa lako tangu una miaka sita.

Sitakuuliza tena kama ni wewe. Naomba uniambie kwa nini.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, nakupa wangu. Unadhani natembea kwa ajili ya watu wa Chazelvert waliomnyima baba salamu. Natembea kwa ajili yangu. Krismasi ya mwaka ule nilikuja nyumbani kutoka mji wa Mende nilikokuwa nafundisha, na pale mezani, wewe umetoka kuangalia ng'ombe, nilimwuliza baba usoni: "Sanamu uliiuza wewe? Watu wanasema mtu asiyesahau kitu hawezi kusahau mlango." Alinitazama. Akasema, "Kula, mwanangu, supu inapoa." Niliondoka kesho yake. Sikumwandikia mwaka mzima. Alipokufa, Februari ya mwaka sitini na nne, nilikuja nikakuta mmeshamzika kwa sababu ya theluji, na nikawaambia watu theluji ndiyo iliyonichelewesha. Theluji haikunichelewesha. Nilikaa siku mbili Mende nikiliangalia sanduku langu la safari.

Bi Delclaux anasema yuko tayari kumrudisha Mama wa Theluji kwenu bila kudai kitu. Ana sharti moja: aliyemleta ndiye aje kumchukua. Hatampa askari, hatampa padre, wala mimi.

Mguu umepona. Kesho naondoka. Niandikie Cahors. Sitamwambia mtu. Hilo nakuahidi, na ni ahadi ninayoichukia.

Honorine


Cahors, 15 Julai 1986

Mdogo wangu,

Nimekaa hapa siku sita. Kila asubuhi naenda posta. Yule binti wa dirishani ameshanijua, ananitikisia kichwa kabla sijafika. Leo alitoka nje akaniambia, "Mama, huyo bwana hastahili kungojwa." Sikumweleza kwamba huyo bwana nilimbadilisha nepi.

Joto ni kali. Wageni wanapiga picha daraja la minara. Nimekaa chini yake nikafikiri labda umeumia, labda umejifanyia jambo baya. Nikampigia Paulette, akasema u mzima ila huli, na umeanza kulala ghalani. Akaniuliza, "Wifi, mna nini nyie wawili?" Nikamwambia jibu si langu kulitoa.

Naelekea Moissac. Huko nitakaa. Andika hata neno moja. Hata tusi.

Honorine


Chazelvert, 24 Julai 1986

Dada yangu, shikamoo.

Paulette hajambo, kweli safari hii. Nyasi zote zimeingia ghalani zikiwa kavu. Ndama nimempa jina Duchesse. Nimeyataja haya ili nisianze. Sasa naanza.

Niliporudi kutoka Algeria wewe ulikuwa Mende unafundisha, hukuona. Kijiji kizima kilinipokea kanisani. Padre wa wakati ule alisema Mama wa Theluji amemrudisha mtoto wa Élie Rouvière. Wakanisukuma mbele nibusu mguu wa sanamu. Nikabusu. Nilipoinua kichwa nikamwona Léontine Astruc kando ya nguzo. Yeye naye alimwashia Mama huyohuyo mshumaa kila Jumamosi, miezi ishirini, kwa ajili ya mwanawe Fernand.

Fernand aliuawa kule Algeria, hatua tatu kutoka kwangu. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba pale mbele ilikuwa nafasi yangu. Kiatu changu kilikuwa na jiwe. Nikasema, "Fernand, pita, nakuja." Nilikuwa nimeinama nalitoa lile jiwe.

Kila Jumapili walirudia: Mama amekurudisha, Mama amekurudisha. Na kila Jumapili Léontine alisikia, akaitikia amina. Nilianza kuuchukia ule uso wa mti. Nilitaka asiwepo tu. Oktoba, siku ya mnada, kijiji kilikuwa kitupu. Nikatoa ufunguo kwenye msumari wa baba, nikamfunga Mama kwa blanketi, nikamlaza katikati ya ndama. Nilidhani nitamtupa mtoni. Nilisimama darajani, mkono ukakataa. Nikaendesha hadi mnada wa Figeac, na huko nilisikia habari za mwanasheria anayenunua vya kale bila maswali. Zile pesa nilizitia kwenye bahasha nikaisukuma chini ya mlango wa Léontine. Sikuandika jina.

Sasa la baba. Nilipotoka kanisani na mzigo, alikuwa uani kwetu ameshika ndoo. Nilidhani yuko mnadani. Tulitazamana. Akageuka akaenda kuwapa kuku maji. Askari walipokuja siku ya tatu alivua kofia akawaambia, "Nilisahau kufunga mlango." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikasema moyoni, kesho nitasema. Nimesema kesho miaka ishirini na minne.

Siku aliyokufa alinishika mkono huu wa kushoto. Akaniambia, "Funga mlango, baridi inaingia." Nikageuka. Mlango ulikuwa umefungwa.

Sijui alimaanisha nini, dada. Wewe ni mwalimu, niambie.

Baptiste


Moissac, 31 Julai 1986

Mdogo wangu Baptiste,

Nimeipata. Nimeisoma mara nne, uani kwa masista walionipa kazi ya kukunja mashuka ya mahujaji, nikiwa na shuka mkononi.

Sijui alimaanisha nini. Ningekuwa najua ningekwambia. Kilichonipata ni kwamba tulikuwa naye wawili, na wote wawili alitunyamazia: wewe akulinde, mimi nisijue jinsi nilivyomkosea.

Sitakuambia ufanye nini. Bi Delclaux yuko nyumbani siku zote isipokuwa Jumatano.

Honorine


Chazelvert, 18 Agosti 1986

Dada yangu, shikamoo.

Paulette anakusalimu. Amekuandikia mwenyewe kikaratasi, nimekitia humu ndani, sijakisoma.

Nilikwenda Gramazels tarehe kumi na mbili. Kabla sijaondoka nilimwambia Paulette yote, jikoni, tumesimama. Alivua aproni akatoka. Sikungoja arudi, maana ningengoja nisingekwenda. Bi Delclaux alifungua mlango akanitazama mikono. "Ndiye," akasema. "Na ndama wako wapi?" Alinipa supu. Safari hii niliinywa, yeye amekaa mbele yangu ananiangalia hadi tone la mwisho. Kisha akanisaidia kumfunga Mama kwa lilelile blanketi. Akasema, "Mume wangu amekufa na mimi nina miaka sabini na minane, na leo ndiyo mara ya kwanza napumua uani kwangu."

Padre nilimwona tarehe kumi na nne. Alitaka aseme yeye, kwa maneno yake ya upole. Nikakataa. Kesho yake, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira, kanisa lilijaa hadi nje, na wale wa Paris waliokuja likizo. Niliingia naye mikononi kama mtu anayebeba mgonjwa. Watu walianza kulia, wengine wakapiga makofi. Nikamweka mahali pake. Nikageuka nikasema:

"Msipige makofi. Niliiba mimi. Baba yangu alifunga mlango siku ile kama siku zote. Aliniona, akabeba yeye. Mlimnyima salamu miezi kumi na sita, na mimi nilikuwa natembea nyuma yake nikisalimiwa."

Meya alivaa kofia mlemle kanisani akatoka na mkewe. Kina Boyer wakafuata. Mtu nyuma akasema neno ambalo sitaliandika. Kisha nikasikia mkongojo. Léontine alikuja mbele, taratibu, watu wakimpisha.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Zile noti zilinuka ndama."

"Ulijua? Kwa nini hukusema?"

"Ungefungwa. Nani angenikatia kuni?"

Watu wawili watatu wakacheka. Lakini yeye hakuwa anacheka. Akasema, "Élie alikuwa anapita mlangoni kwangu kila asubuhi. Ananisalimu, Bonjour, Léontine. Nilikuwa najua, na sikumwitikia. Nilitaka mtu mmoja hapa kijijini aonje nilichoonja."

Misa ilisomwa, sijui vipi. Nje aliningojea. Nikamweleza habari ya jiwe na kiatu, kila kitu, hata maneno niliyomwambia Fernand. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuninyanyulia mkono wala hakunishika. Alikwenda zake. Ni siku ya tatu hajafungua mlango kwangu. Kuni namwekea nje. Asubuhi nakuta zimeingizwa. Ndilo jibu pekee ninalopata.

Askari alikuja, akaandika, akasema muda wa sheria umepita. Ningependa usingepita. Kwenye ghala letu wameandika MWIZI kwa rangi nyekundu. Paulette alitaka kupaka chokaa, nimemwambia aache. Siku mbili hakusema nami. Jana aliniuliza nataka mayai mangapi. Mwenye gari la mkate ananiambia umekwisha na mikate naiona.

Sasa ndiyo naujua urefu wa barabara yetu mtu anapoipita bila kusalimiwa. Kutoka uani kwetu hadi kanisani ni hatua mia mbili na kumi. Nimeanza kuzihesabu. Navua kofia, nasalimu, naendelea. Kesho nitapita tena, lakini sikufichi: leo asubuhi nilisimama getini dakika nyingi kabla mguu haujakubali.

Mdogo wako,
Baptiste


Moissac, 23 Agosti 1986

Mdogo wangu Baptiste,

Nakusalimu, nakusalimu, nakusalimu. Hizo ni tatu, kwa siku ambazo hukuipata hata moja. Mwambie Paulette kikaratasi chake nimekisoma na jibu ni ndiyo, nitakaa kwenu majira yote ya baridi. Mimi ni mzima. Masista wamenifundisha kukunja shuka peke yangu bila kuliangusha chini, jambo ambalo nilidhani ni la watu wawili.

Kuna mahujaji hapa wanaendelea hadi Hispania, kwa Mtakatifu Yakobo. Waliniuliza kama naungana nao. Nimewaambia safari yangu inageuka hapa.

Léontine mwache. Usimgongee, usimwombe. Endelea na kuni.

Nitafika stesheni ya Langogne Jumamosi tarehe thelathini, saa nne asubuhi. Njoo na gari, lakini tutaliacha darajani, chini ya kijiji. Vaa koti lako la harusi kama bado linakuingia. Tutapanda barabara kuu kwa miguu, mchana, gari la mkate likiwa limefika na watu wako nje. Tutawasalimu wote, mmoja mmoja, kwa majina yao, na meya kwa cheo chake. Wasipoitikia, tutafika kanisani, tutageuka, na tutawasalimu tena tukiteremka. Nimetembea karibu kilomita mia nne, mdogo wangu. Hatua mia mbili na kumi hazinitishi, na hutazihesabu peke yako.

Kisha tutakwenda makaburini kwa baba. Wewe utasimama karibu yangu usiseme kitu. Yako umeshayasema mbele ya watu. Mimi yangu bado sijamwambia mtu ila wewe. Siku hiyo nitaanza mimi.

Dada yako,
Honorine